AFYA YA NYUMBANI: Dawa za Miti na Utumbo Wenye Vidonda

Huko Chewele, kando ya Mto Tana, mtu akishikwa na tumbo la kuhara aghalabu hutafuta kwanza dawa ya miti: mshubiri, mwarobaini au ukwaju. Desturi hiyo ni ya zamani wala haifai kudharauliwa. Lakini yapasa kujua kila dawa na mahali pake.

Kuhara damu kuna sababu nyingi. Amiba na vijidudu vingine huingia kwa maji machafu. Lakini yako maradhi mengine yasiyoambukiza: utumbo huvimba na kufanya vidonda, hutulia kwa miezi, kisha huanza tena. Aina moja ilielezwa mwaka 1932 na Daktari Burrill Crohn na wenzake wawili wa New York. Dalili hufanana, bali matibabu ni mbalimbali. Baadhi ya dawa za kutuliza uvimbe zaweza kumdhuru sana mwenye amiba. Kwa hiyo choo hupimwa kwanza.

Je, miti haifai kitu? Mwaka 2004 madaktari wa Uingereza waliwapa wagonjwa 30 wa vidonda vya utumbo mpana ute wa ndani wa mshubiri kwa wiki 4, na waliopata nafuu walizidi wale wa kundi la watu 14 waliopewa kinywaji kisicho na dawa. Lakini utomvu wa rangi ya manjano ulio chini ya ganda huendesha tumbo, na ukwaju nao hulilainisha. Vyote viwili humzidishia taabu anayehara.

Mwaka 2006 huko Japani, wagonjwa walipewa kiini cha manjano, gramu 2 kwa siku, pamoja na dawa za hospitali. Katika miezi 6, kati ya 43 walirudiwa 2 tu. Kati ya 39 waliokosa kiini hicho walirudiwa 8. Ni pamoja na dawa, si badala yake.

Mafuta ya mwarobaini mtoto asinyweshwe kamwe. Yamepata kuua watoto wachanga.

Mwenye kuhara anywe maji yaliyochemshwa, lita 1, yenye vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, huku akienda hospitali. Afikapo, asione haya kueleza choo chake wala kutaja miti aliyokunywa. Mficha maradhi, kifo humfichua.