Kabla ya kununua kochi jipya, angalia dirisha

Makochi yaliyopangwa kando ya barabara eneo la Keko, Dar es Salaam, huwavutia wengi wanaopita. Yakiwa pale nje, yanaonekana ya ukubwa wa kawaida tu. Yakishapakiwa kwenye Kirikuu na kufikishwa kwenye sebule ya futi 10 kwa 12, mambo hubadilika. Kochi la watu watatu linaziba nusu ya dirisha, kabati la televisheni linachukua ukuta mwingine, meza ya kioo inakaa katikati, na watoto wanapita ubavuubavu kwenda chumbani.

Miezi michache baadaye familia hiyohiyo inaanza kulalamikia joto, harufu ya unyevu na kikohozi cha mtoto kisichoisha. Dawa ya kikohozi inanunuliwa, chupa ya kwanza, ya pili, lakini hakuna anayelitazama kochi wala dirisha lililo nyuma yake.

Kupamba nyumba kumezoeleka kuwa suala la macho na mfuko. Ukweli ni kwamba rangi, mapazia, zulia na mpangilio wa samani ndivyo vinavyoamua hewa ambayo familia inavuta, mwanga inaoupata na usalama wa mtoto anayetambaa. Nyumba nzuri inaweza kupatikana bila kuhatarisha hayo, hata kwa wapangaji wa chumba na sebule, iwapo mambo machache ya msingi yatafuatwa.

Hewa na mwanga vitangulie

Jambo la kwanza katika kupanga chumba ni kujua hewa inaingilia wapi na kutokea wapi. Chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana, au dirisha linalotazamana na mlango, hupata hewa inayopita. Samani ndefu kama kabati la nguo au la vyombo zikae kwenye ukuta usio na dirisha. Zile fupi, ambazo hazifiki usawa wa dirisha, ndizo zinaweza kukaa chini yake. Hata hivyo, nyumba za ghorofa na zenye watoto wadogo zihadhari: kochi chini ya dirisha lisilo na nondo ni ngazi ya mtoto kupandia.

Hewa inayozunguka hupunguza uwezekano wa kuambukizana magonjwa yanayosambaa kwa njia ya hewa, ikiwamo kifua kikuu. Si jambo jipya. Mwaka 1859, muuguzi Mwingereza Florence Nightingale alitaja mambo matano ambayo nyumba yenye afya haiwezi kuyakosa: hewa safi, maji safi, mifereji mizuri ya maji machafu, usafi na mwanga.

Mapazia nayo yachaguliwe kwa kazi yake. Pazia zito linafaa chumbani, ambako mtu anahitaji giza ili alale vizuri. Sebuleni, pazia jepesi linalopitisha mwanga linatosha mchana, na zito livutwe jioni. Fimbo ya pazia ikizidi upana wa dirisha kwa sentimita 15 hadi 20 kila upande, pazia linapofunguliwa hukaa ukutani na kuliacha dirisha wazi lote. Ujanja huohuo hulifanya dirisha dogo lionekane kubwa.

Rangi: uzuri na hatari yake

Kanuni inayotumiwa na wapambaji wengi ni ya 60, 30 na 10. Asilimia 60 ya chumba iwe rangi moja kuu, kwa kawaida kuta. Asilimia 30 iwe rangi ya pili, kama makochi na mapazia. Na asilimia 10 iwe rangi ya kuchangamsha, kama mito ya kochi, picha au chombo cha maua. Anayependa rangi nyekundu hana haja ya kupaka ukuta mzima. Mito minne mekundu inatosha, na akiichoka anabadilisha foronya tu.

Chumba kidogo au chenye dirisha moja kinafaa kupakwa rangi nyepesi, na dari iwe nyeupe, kwa kuwa rangi hizo hurudisha mwanga. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu walilijua hilo. Kuta zao zilipigwa chokaa nyeupe, na badala ya kujaza makabati sakafuni walitengeneza zidaka ndani ya ukuta na kuweka humo vyombo vya thamani. Pambo lilionekana, nafasi ya kupita ikabaki.

Lakini rangi ina upande mwingine ambao wanunuzi wachache huuliza. Baadhi ya rangi, hasa za mafuta zenye njano, nyekundu na machungwa kali, zimekuwa zikitengenezwa kwa kutumia madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo ndio walio hatarini zaidi, kwa sababu miili yao hufyonza risasi iliyomezwa mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na madhara yake kwenye ubongo hayarekebishiki. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja za rangi.

Kwa hiyo mnunuzi asome kopo, atafute maandishi yanayosema rangi haina madini ya risasi, pamoja na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kwa nyumba ya zamani ambayo rangi yake inabanduka, fundi asikwangue ukuta au mlango ukiwa mkavu. Vumbi lake ndilo linaloingia mdomoni mwa mtoto. Ukuta ulowanishwe kwanza, watoto na wajawazito wahame kwa muda, na sakafu ipigwe deki, si kufagiliwa. Baada ya kupaka, madirisha yaachwe wazi na watu wasilale humo hadi harufu iishe.

Ukuta unaopanda chumvi au wenye ukungu hautibiwi kwa rangi. Kwanza pazibwe panapovuja au panapopandisha unyevu, ukuta ukauke, ndipo upakwe. Vinginevyo ukungu hurudi, na kwa mwenye pumu hurudi pamoja na kubanwa kifua.

Zulia, vitambaa na vumbi

Zulia lenye manyoya marefu linapendeza miguuni, ila katika miji ya pwani yenye unyevunyevu ni makazi mazuri ya vijidudu vya vumbi ambavyo kinyesi chake huchochea pumu na mzio. Familia yenye mtoto wa pumu ingefaidika zaidi na sakafu inayopigwa deki, pamoja na mkeka au zulia dogo linaloweza kufuliwa na kuanikwa juani. Vitambaa vya makochi, foronya na mashuka vifuliwe kila wiki. Maua ya plastiki nayo hukusanya vumbi; yasipooshwa mara kwa mara ni afadhali yaondolewe.

Maua halisi yanayowekwa kwenye maji yabadilishwe maji angalau mara moja kwa wiki na chombo kisuguliwe ndani. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hutaga kwenye maji safi kama hayo, na yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya takribani siku saba hadi kumi. Dar es Salaam iliwahi kupata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Mbu huyo pia hupenda kupumzika kwenye giza: nyuma ya mapazia, chini ya vitanda na kwenye nguo zilizotundikwa misumarini.

Wanaofukiza udi au ubani ili nyumba inukie wafanye hivyo dirisha likiwa wazi, na mwenye pumu akae nje kwanza. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa chumbani, hata siku ya mvua na baridi. Gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka humo haina rangi wala harufu, na imeua watu wakiwa usingizini.

Nafasi ya kupita

Vipimo vidogo huokoa fedha nyingi. Njia ya kupita kati ya samani iwe sentimita 75 hadi 90. Kati ya kochi na meza ya katikati, sentimita 40 hadi 45 zinatosha mtu kufikia kikombe chake bila kugonga goti. Picha ya ukutani itundikwe ili katikati yake pawe takribani sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama.

Penye mtoto anayetambaa au kujifunza kutembea, meza ya kioo yenye kona kali ingoje miaka michache. Televisheni ifungwe ukutani au iwekwe juu ya kabati fupi, pana na imara, na kabati refu lifungwe kwenye ukuta ili lisimwangukie anayelipanda. Nyaya za umeme zisipitishwe chini ya zulia, kwa sababu zikichubuka hakuna anayeona mpaka moshi utoke. Penye bibi au babu, zulia dogo linaloteleza liondolewe au libandikwe chini, maana kuvunjika nyonga uzeeni ni safari ndefu ya maumivu.

Pa kuanzia kwa mwenye bajeti ndogo

Mpangilio mpya haudai fedha. Familia inaweza kutumia Jumamosi moja kutoa kila kitu sebuleni, kusafisha, kisha kurudisha vile tu vinavyotumika. Hatua ya pili ni kurekebisha panapovuja, ya tatu ni rangi, ya nne ni mapazia, na samani zije mwisho. Anayekwenda kwa fundi seremala aende na vipimo vitatu mfukoni: urefu wa ukuta, upana wa mlango na kimo cha dirisha kutoka sakafuni. Mgongo wa kochi usizidi kimo hicho.

Na kama mtoto amekohoa kwa wiki mbili au zaidi, kufungua dirisha pekee hakutoshi. Apelekwe kituo cha afya akapimwe, na mzazi amweleze mtoa huduma mtoto analala chumba cha namna gani, na watu wangapi, na nani mwingine ndani ya nyumba anakohoa.