Turudishieni Def Jam: Fight for NY, safari hii tutalipa

Juzi bro wangu kanitumia voisi WhatsApp akiwa Tunduma kwenye foleni ya malori. Fupi tu: "Dogo, hivi lile gemu la kina Blaze halijatoka la simu mpaka leo?" Bro ana miaka 33, ana watoto wawili, na siku hizi tukiongea ni habari za mama na hela ya dawa. Muda mrefu hajaniuliza kitu cha kijinga kama hicho, nikafurahi kweli. Nikaingia kutafuta.

Halijatoka. Si la simu, si la konsoli za sasa. Def Jam: Fight for NY lilitoka 2004 kwa PlayStation 2, Xbox na GameCube, likaja toleo la PSP mwaka 2006, basi. Ukilitaka kihalali leo utafute CD ya mtumba, halafu utafute na mashine ya zamani inayoweza kuisoma. Miaka zaidi ya 20 imepita na gemu limeachwa palepale.

Kwa ambaye hukulikuta, ni gemu la kupigana ambalo wanaochapana ni wasanii wa hip hop wenyewe, kwa sura zao na sauti zao. Snoop Dogg ndiye adui, anaitwa Crow. Method Man ndiye Blaze, Redman ni Doc, Busta Rhymes ni Magic. Ice-T yumo, Fat Joe yumo, Lil' Kim yumo, Sean Paul yumo, mpaka Danny Trejo yule wa sinema za visu. Wapiganaji zaidi ya 60. Na wewe unaanza ukiwa huna jina: gari la polisi limegongwa, bosi mmoja anaitwa D-Mob katoroshwa, polisi wanaelezea sura ya aliyemtorosha ili ichorwe. Hiyo sura unaichora wewe. Ndio mtu wako anazaliwa hapo.

Kibanda cha gemu cha mtaani kwetu Temeke kilikuwa na TV nne, zote za chogo. Tatu za mpira. Ya nne ilikuwa mlangoni, rangi yake imeelekea kijani, jua likipiga huoni kitu, na hiyo ndiyo ilikuwa ya "mengineyo". Mpira mechi ilikuwa mia mbili na unapanga foleni. Gemu la ngumi hakuna aliyelitaka, kwa hiyo mwenye kibanda alikuwa anatuachia kwa mia. Mimi na bro tulikuwa na mia, ndivyo tulivyoanza. Sio kwamba tulikuwa wajanja wa kuchagua.

Ndio maana nasema limesahaulika. Hata enzi zake huku halikuwa na wenyewe. Leo watu wakikaa kukumbuka PS2 wanataja Winning Eleven, wanataja San Andreas, labda God of War na Tekken. Ukisema Def Jam mtu anakunja uso kwanza. Mpaka umwambie "lile la kumtupa mtu kwenye treni" ndio anapiga kelele, aaah, lile!

Sasa kumbukumbu peke yake sio hoja, najua. Kuna gemu kibao nilizipenda nikiwa na miaka kumi, leo nikizicheza naona aibu. Hili ni tofauti, na ngoja niseme kwa nini.

Kwenye gemu nyingi za ngumi ukishampunguza mtu damu, teke lolote la kizembe linammaliza. Humu hapana. Damu ikifika kwenye nyekundu bado hajaisha, lazima umalize kwa kitu cha maana: ngumi nzito, silaha, kumbamiza ukutani, au kumkunja mguu mpaka akubali mwenyewe. Ukikosa, anaamka, anapata nguvu, mechi inageuka. Nimewahi kumpiga bro dakika nzima, nikaanza kusherehekea, akanirusha relini treni ikipita. Sikuongea naye mpaka usiku.

Halafu kuna staili tano: ngumi za mtaani, kickboxing, karate na ndugu zake, mieleka, na ile ya kubana viungo. Unaruhusiwa kuchanganya mpaka tatu. Mtu wako hawezi kufanana na wangu hata kama tumechora sura moja.

Na mashabiki! Humu mashabiki hawajachorwa ukutani. Ukisukumwa kwao wanakushika mikono mwenzako akutandike. Wakikupenda wanakupa chupa au fimbo ya kuchezea pool. Hata mavazi yana kazi, ukipendeza ukavaa na cheni, uwanja unakukubali na ule mshale wa kuingia Blazin unajaa haraka. Ukiingia Blazin, ukamkamata, konsoli inakuonyesha kipigo cha sinema nzima. Kibanda kizima kilikuwa kinageuza shingo kwa sekunde zile, hata wale wa mpira. Kwa mia moja ile tulikuwa mastaa.

Haya hayakutokea kwa bahati. EA walimpa kazi AKI, studio ya Wajapani waliokuwa wametengeneza gemu za mieleka za Nintendo 64, ikiwemo WWF No Mercy. Hawa walijua uzito wa mwili unapoanguka. Mwaka 2007 likaja Def Jam: Icon, likatengenezwa na studio nyingine, wakatoa karibu kila kitu nilichokitaja hapo juu, wakaweka majengo yanayolipuka kwa kufuata mdundo wa wimbo. Linapendeza kulitazama. Kulicheza nilichoka siku ya pili. Na hapo ndipo mfululizo wa gemu za kupigana ukaishia, gemu zuri likabeba adhabu ya mdogo wake.

Kinachosumbua kulirudisha kinaonekana bila hata kuambiwa. Gemu lote ni vitu vya kuazima. Nyimbo zina wenyewe, sura zina wenyewe, mpaka nguo na cheni zina wenyewe. Wengine hawapo tena, Prodigy wa Mobb Deep alifariki 2017. Kukusanya sahihi zote hizo upya ni kazi na ni hela.

Sawa. Lakini mbona wengine wanaweza? Tony Hawk's Pro Skater 1 na 2 zilirudi mwaka 2020 zikiwa na wachezaji wenyewe wa ukweli na nyimbo nyingi za mwanzo, na zile ni za zamani kuliko Def Jam. San Andreas imerudishwa huku nyimbo kadhaa zikiwa zimetolewa kwa sababu hizihizi za leseni, na watu wameendelea kuicheza. Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni huu: kama wimbo unaleta shida, utoeni. Kama msanii hataki, muondoeni, wapo wengine kibao. Msiguse mashabiki, msiguse zile staili tano, msiguse treni. Na tafadhali sana msilitengeneze upya. Lipandisheni picha ikae vizuri kwenye TV za sasa, muweke na kucheza mtandaoni, inatosha.

Kuna kitu kimoja nitakubali kimezeeka vibaya. Humo wanawake wanapigana ili wawe demu wako, na mchumba ni kama zawadi unayopewa pamoja na mkufu. Nikiwa mdogo sikuliona. Juzi nimeangalia video zake na mdogo wetu wa kike kakaa pembeni, akaniuliza, "Kwa hiyo huyu dada yeye kazi yake ni hiyo tu?" Sikuwa na jibu. Hapo wakipunguza sitalalamika.

Najua pia mtu atasema nyie wa uswahilini mnadai nini, mlicheza CD za kuchoma. Ni kweli. Kwenye kile kibanda hakukuwa na CD hata moja halali, na hakuna senti ya ile mia yangu iliyomfikia aliyelitengeneza. Lakini ndio hoja yangu hiyo. Sisi watoto wa mia moja sasa tuna vibarua, tuna maduka, wengine wana magari. Tunanunua bando kila siku, tunanunua gemu kwenye simu. Kuna watu wanahangaika na programu za kuigiza PS2 kwenye simu, gemu linakwama kila baada ya ngumi mbili na bado wanacheza. Huyo ni mteja anayegonga mlango na hela mkononi, na duka limefungwa.

Mimi nataka kulipa. Mara ya kwanza sikulipa.

Mtu wetu tulimpa jina la babu. Bro ndiye aliyemchora, akambandika pua kubwa isiyo ya kawaida, na kila tukishinda tulikuwa tunamuongezea cheni tukiamini tutampunguza na pua siku moja. Alikaa kwenye memori kadi ya kibanda karibu mwaka. Siku moja tukaenda na mia yetu tukakuta mlango una kufuli, TV zimeuzwa, kadi hakuna anayejua iko wapi. Hatukuwahi kufika kwa Crow.

Nilimjibu bro kwamba halijatoka. Akakaa kimya kama saa nzima, nadhani foleni ilisogea. Halafu ikaingia voisi nyingine, injini inanguruma nyuma: "Likitoka usianze bila mimi. Ile pua nilikosea, narudia mwenyewe."