Tusingoje Gredi ya 10, kikapu kianze Gredi ya 7

UWANJANI, na Nekesa Wanyonyi

Mwaka 2025 shule za sekondari za eneo letu la Kabuchai, kama zile za nchi nzima, hazikupokea darasa jipya. Watahiniwa wa mwisho wa KCPE, mtihani wa shule ya msingi katika mfumo wa zamani wa 8-4-4, waliingia Kidato cha Kwanza Januari 2024, na waliowafuata wakabaki Gredi ya 9 katika maboma ya shule za msingi. Kocha wa mpira wa kikapu aliyezoea kupata chipukizi kila Januari alibaki mikono mitupu.

Sasa Gredi ya 10 wameingia, na kuanzia Chwele hadi Nalondo ninasikia kilio kimoja: watoto warefu wapo, ila hawajui kudunda mpira, darasa ni dhaifu, tungoje litakalofuata. Hapo sikubaliani hata kidogo.

Chukueni mfano wa ligi ya kikapu ya Marekani, NBA. Ina drafti, utaratibu unaozipa timu dhaifu nafasi bora ya kuchagua wachezaji wapya kwanza. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walikuwa na chaguo la pili, wakamchukua Mtanzania Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye kimo cha zaidi ya mita mbili. Sote Afrika Mashariki tulifurahi, na tulikuwa na haki. Lakini James Harden alichaguliwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Darasa la drafti hiyo lilikuwa tajiri, chaguo halikuzaa matunda, na mapema 2011 Thabeet alihamishiwa Houston.

Je, Memphis waliporomoka? La. Walikuwa na Marc Gasol, aliyechaguliwa wa 48 mwaka 2007, wakamlea hadi mwaka 2013 akatajwa mchezaji bora wa ulinzi katika ligi. Walimchukua Zach Randolph, ambaye timu nyingine zilikuwa zimemchoka. Mwaka huohuo wa 2013 wakafika fainali ya Kanda ya Magharibi.

Drafti ya 2013 nayo ilidharauliwa sana. Wa kwanza, Anthony Bennett, hakudumu. Wa 15 alikuwa kijana mwembamba kutoka daraja la pili la Ugiriki, Giannis Antetokounmpo. Milwaukee walimvumilia na kumfunza, na mwaka 2021 akawapa ubingwa. Timu hujengwa na mafunzo. Ubora wa darasa ni mwanzo tu.

Kwetu hakuna drafti. Mtoto huenda anakopangiwa au karo inakomfikisha, na shule kubwa huwanyakua warefu mapema. Ndiyo sababu shule ndogo za Kabuchai haziwezi kutegemea bahati ya Januari. Tena zamani zilikuwa na mchezaji kwa miaka minne. Sasa ni mitatu, na hali hiyo haitarudi nyuma.

Mwaka huo uliopotea ndio unaoniuma. Chini ya 8-4-4, mtoto wa mwaka wa tisa wa masomo alikuwa Kidato cha Kwanza, akitazama kaka na dada zake wakicheza, akiokota mipira yao, akijifunza. Leo, katika umri uleule, yuko shule ambayo mara nyingi ina magoli ya kandanda tu. Anapofika sekondari pevu, michezo ya muhula wa kwanza inamkuta hajawahi kurusha mpira ringini, kisha sisi watu wazima tunamwita dhaifu!

Mafundi wa kuchomelea vyuma sokoni Chwele wanaweza kutengeneza nguzo na ringi. Udongo ulioshindiliwa vizuri unatosha kuanzia. Walimu wakuu wa sekondari, wafungulieni watoto wa Gredi ya 7, 8 na 9 viwanja vyenu Jumamosi, na wachezaji wenu wakubwa wawafunze. Wawakilishi wadi, kila shule ya msingi yenye sekondari ya msingi ipate walau ringi moja kabla ya Januari ijayo. Wazazi, ulizeni kuhusu ringi hiyo katika mkutano wenu ujao wa shule.