SHERIA YA MTANDAO IANZE NA MWIZI

Ndugu wanachama, sisi wa Chanika hatuipingi Sheria ya Makosa ya Mtandao iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2015. Ilitakiwa. Hapa Handeni mkulima akiuza mahindi, fedha zake huingia katika simu. Kisha huja ujumbe: ile pesa tuma kwa namba hii. Mwenye haraka hutuma, na jasho la msimu mzima limekwenda. Mwizi huyo twataka akamatwe. Hata alama za vidole tulizitoa kwa moyo mmoja, laini zetu zilipoandikishwa.

Lakini tazameni kifungu cha 16. Bunge lilipoipitisha sheria hiyo, mwenye kutangaza habari anazozijua kuwa za uongo, kwa nia ya kutukana au kupotosha umma, aliwekewa faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Isiyopungua, ndugu zetu! Huku kwetu ni watu wangapi wamepata kuishika milioni tano?

Watatujibu kwamba lazima ithibitishwe mahakamani kuwa mtu alijua. Ni kweli. Lakini polisi huja kabla ya hakimu. Kwa kifungu cha 31, amri ya mkuu wa kituo yatosha kuingia nyumbani mwa mtu, kupekua na kuchukua chombo. Na simu ya mkulima ndiyo benki yake. Ikichukuliwa, ada ya mtoto na fedha za mbegu zimekwama nayo.

Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa makala ya Sauti ya TANU iliyowasema mabwana shauri wa Kiingereza. Mahakama ya mkoloni ilimhukumu faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Shilingi ya siku zile si ya leo, twajua. Basi linganisheni miezi 6 na miaka 3.

Sheria hii si msahafu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikwisha kukikuta kifungu cha 50 kinapingana na Katiba. Twamtaka mbunge wetu asimame Bungeni aulize: tangu 2015, ni wezi wangapi wa fedha za simu waliofikishwa mahakamani kutoka wilaya hii, na ni wangapi walioshtakiwa kwa maneno tu? Jibu likija, lisomwe katika kila tawi.