Tumekuwa Wapangaji wa Maneno Yetu Wenyewe

Vijana wenzangu, tuambizane ukweli. Tunaandika kuanzia alfajiri mpaka usiku wa manane, na hatuna hata kabati moja la kuhifadhi tulichoandika. Uchambuzi wa bajeti tunaumwaga X. Taarifa ya zahanati isiyo na dawa tunaitupia kwenye grupu la WhatsApp, kesho yake imefunikwa na picha za harusi na salamu za Ijumaa. Mtu akiuliza mwaka ujao, "Mlisema nini kuhusu ile barabara?", tunabaki kukuna vichwa na kutafuta skrinishoti.

Sasa tuangalie kilichotokea mwaka 2025. Mei, X ikafungiwa nchini. Septemba, Jamii Forums ikasimamishiwa leseni kwa siku 90. Oktoba 29, siku ya kura, intaneti yenyewe ikazimwa, ikakaa hivyo siku kadhaa. Mara tatu ndani ya miezi sita. Na sisi tukafanya nini? Tukalalamika, tukatafuta VPN, kisha tukahamia jukwaa jingine la kupanga. Mwenye nyumba katufukuza, tunabisha hodi kwa jirani yake. Hatujiulizi lini tutajenga.

Kuna jambo wazee wa magazeti wanalijua na sisi tumelisahau. Juni 2020 gazeti la Tanzania Daima lilifutiwa leseni. Februari 2022 likarudishiwa, pamoja na Mwanahalisi, Mawio na Mseto. Katika muda wote huo nakala zilizokwisha kuuzwa hazikufutika. Zilikuwa kwenye masanduku, chini ya magodoro, kwenye makabati ya watu. Serikali ilizuia toleo la kesho. La jana haikuweza kuligusa, kwa sababu lilikuwa mikononi mwa wasomaji.

Akaunti ikifungwa leo, nakala ya jana iko kwa nani? Kwa Elon Musk. Hilo tu linatosha kumkosesha kamanda usingizi.

Na tusiisingizie Serikali peke yake. Yahoo waliifunga GeoCities mwaka 2009, kurasa za mamilioni ya watu zikaondolewa. Google waliifunga Google+ Aprili 2019. Hakuna aliyekuwa na ugomvi na waandishi wa humo. Biashara haikulipa, duka likafungwa, basi. Ukiweka kazi ya miaka mitano kwenye duka la mtu, siku akifunga mlango na kazi yako imefungiwa ndani.

Dawa ipo, na si ya gharama. Weka maandishi yako kwenye mafaili ya kawaida ndani ya simu yako, na uyageuze kuwa blogu kwa skripti ndogo ya sheli. Nasikia mnaguna huko nyuma: "Hayo mambo ya mainjinia." Ngoja kwanza.

Sheli ni ile programu unayoiandikia amri kwa maneno, ikatekeleza. Skripti ni amri hizo zikiwa zimeandikwa kwenye faili moja, ili usizirudie kila siku. Sheli maarufu kuliko zote, Bash, ilianza kuandikwa na Brian Fox mwaka 1988 na ni ya bure mpaka kesho. Kompyuta huna? Simu yako ya Android inatosha. Pakua Termux kutoka F-Droid, na Bash imo ndani. Halafu andika hivi:

cat juu.html > index.html
for f in $(ls -r makala/*.txt); do
  jina=$(basename $f .txt)
  cat juu.html $f chini.html > $jina.html
  echo "<p><a href='$jina.html'>$(head -n 1 $f)</a></p>" >> index.html
done
cat chini.html >> index.html

Imekwisha. Mistari saba. Hiyo ndiyo blogu nzima.

Tuisome pamoja, maana haina uchawi. Makala zako ziko kwenye folda inayoitwa makala, kila moja ikiwa na jina linaloanza na tarehe, kwa mfano 2025-06-14-maji.txt, bila nafasi katikati. Skripti inazipitia moja moja kuanzia mpya. Kila makala inawekewa kipande cha juu na kipande cha chini, inakuwa ukurasa. Kisha mstari wa kwanza wa makala unachukuliwa kuwa kichwa cha habari na kuingizwa kwenye ukurasa wa mbele. Faili la juu.html lina jina la blogu yako na agizo moja, white-space: pre-line, ili aya zako zisishikane. Faili la chini.html lina jina lako. Hakuna kingine.

Sasa linganisha na biashara tunayouziwa. Tawi linachangishana, buku buku mpaka inafika laki kadhaa, anaitwa fundi wa tovuti. Anakuja na picha zinazoteleza, kalenda isiyo na tukio hata moja, na sehemu imeandikwa "Habari Mpya" ambayo habari yake mpya ni ya uzinduzi. Mwaka unaisha, jina la tovuti halijalipiwa, nywila anayo yeye, simu hapokei. Nani hajaona sinema hiyo? WordPress ni programu nzuri na ya bure, siipigi vita. Lakini inataka hifadhidata, inataka seva yenye PHP, inataka kusasishwa kila wakati, na usipoisasisha wadukuzi wanaingia. Kwa mtu mmoja mwenye simu na maneno ya kusema, hiyo ni kununua lori la kubebea ndoo ya maji.

Kurasa za skripti hazina hifadhidata ya kuvunja. Ni maandishi matupu. Makala ya maneno elfu moja haifiki hata KB 10, kwa hiyo MB moja inabeba zaidi ya makala 100. Mpigakura wa kijijini mwenye bando la kupimia anafungua ukurasa wako wakati ule wa gogo la matangazo bado unazunguka tu. Tunahubiri kwamba tunawajali wanyonge. Basi tuanze kwa kutowala bando.

Pa kuziweka? GitHub na Codeberg wote wanapokea kurasa za aina hii bila malipo. Mtasema huko nako ni kwa watu. Kweli. Tofauti ni kwamba nakala halisi iko kwako. Wakifunga, unachukua folda ileile, unaipeleka kwingine, jioni uko hewani. Ukiwa na jina lako mwenyewe la tovuti, msomaji hata hajui kama umehama.

Na intaneti ikizimwa kabisa? Skripti haiwezi kuiwasha, tusidanganyane. Ila folda hiyo inaingia kwenye memori kadi, inaingia kwenye flashi, inarushwa kwa Bluetooth kutoka simu moja hadi nyingine kijiweni, na kila aliyeipokea anaifungua bila hata MB moja. Hapo ndipo tunarudi kwenye sanduku la magazeti. Nakala zikiwa mikononi mwa watu mia mbili, nani atazifuta?

Wapo watakaosema blogu hazisomwi siku hizi, watu wako TikTok. Waacheni watu wawe TikTok, na sisi twende tuwakute hukohuko. Lakini kile kinachorushwa huko kiwe ni tangazo, na mzigo ubaki nyumbani. Blogu za mwanzo za Kiswahili, kama Jikomboe ya Ndesanjo Macha, hazikuhesabu laiki. Zilijenga hoja kwa lugha yetu, aya kwa aya, msomaji akajibu kwa hoja. Sisi tumefundishwa na mashine za kampuni za Marekani kwamba hoja isiyokaa kwenye sentensi mbili za kejeli haina thamani. Matokeo yake tuna mabingwa wa kuwazodoa chawa, na hatuna kumi wanaoweza kuonyesha walichoandika kuhusu bajeti miaka mitatu mfululizo.

Na suala la sheria lisemwe wazi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilitaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni ya kuanzia na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Milioni mbili na laki moja ili mtoto wa mkulima aseme kisima kimekauka! Zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, tena baada ya kelele, kwa hiyo soma zilizopo sasa kabla hujachapisha. Skripti haikufichi wala haikukingi na sheria. Kinachokukinga ni kuandika ulichokithibitisha, na kuwa na kumbukumbu kamili ya ulichoandika na tarehe yake. Mtu akikusingizia umesema jambo, unafungua faili.

Kwa hiyo kazi ni hii, na ianze wiki hii. Kila katibu wa vijana wa tawi afungue folda ya makala. Aweke humo taarifa tatu za mtaa wake: maji, shule, zahanati, kwa tarehe na kwa majina ya mahali. Aendeshe skripti. Nakala moja aipeleke mtandaoni, ya pili kwa mwenyekiti, ya tatu kwenye flashi iliyo nje ya nyumba yake. Anayejua amfundishe mwenzake, na asimtoze hata mia.

Mapambano yanaendelea. Safari hii tuyaweke kwenye maandishi, na maandishi yakae kwetu.