KONA YA MWALIMU: Kabla ya kumtaja jirani, tazama manyoya

 Wazazi na watoto wa Nakivale, mwezi huu tunaongea juu ya bata. Msicheke. Nyinyi wenyewe mnajua kwamba bata mmoja mkubwa akifika sokoni analeta madaftari, sabuni na mafuta ya kupikia. Akiliwa usiku analeta hasara, na mara nyingine analeta ugomvi. Huo ugomvi ndio umenifanya niandike.

Asubuhi moja ya wakati wa mvua, mama mmoja wa mtaa wetu alituma mtoto aniite. Mimi huwa naandikia watu barua, kwa hiyo nilichukua kalamu nikaenda. Nilikuta watu wamejaa kwa mlango. Bata wake watatu wamekwisha: mmoja haonekani, wawili wamelala ndani ya kibanda, wamekufa.

“Mwalimu, andika ile jina ya kijana wa jirani,” mama akaniambia. “Niende nayo kwa mwenyekiti leo leo. Ile mabata ndiyo ilikuwa yunifomu ya watoto.”

Kijana aliyetajwa ni mwanafunzi wangu. Familia yake ilitoka Burundi, ya mama ilitoka Kongo, na katikati ya nyumba zao kuna ua wa miti tu. Alikuwa amesimama pembeni, hasemi neno.

“Mama, naomba kwanza tuangalie. Barua itafuata,” nikamjibu.

Tukaangalia. Wale bata wawili walikuwa na alama za meno shingoni, na mmoja hakuwa na kichwa. Nyama ya kifua haikuguswa. Manyoya yalikuwa yameanguka mstari mmoja mpaka kichakani. Chini ya ukuta wa nyuma kulikuwa na shimo, ngumi yangu iliingia kwa shida. Mzee mmoja aliyekuwa pale akasema, “Mwizi wa miguu miwili hawezi kula kichwa akaacha nyama.”

Watu wakanyamaza. Mama naye akanyamaza. Lakini neno likishatoka halirudi. Yule kijana hakufika shuleni siku nne. Alirudi baada ya mama mwenyewe kwenda kwao jioni na kusema, “Mnisamehe.”

Basi, tujifunze mambo mawili: kumjua mwizi kwa alama zake, na kumfungia mlango kabla hajafika.

Kwa nini bata wanaliwa ovyo?

Kuku akiona giza anatafuta mahali pa juu, juu ya mti au juu ya paa. Bata wengi wanalala chini, palepale jioni ilipowakutia. Tena hawa bata wetu wenye nyama nyekundu usoni wanaatamia siku 35 hivi, wakati kuku anamaliza kwa siku 21. Bata jike anapenda kujificha kichakani na mayai yake. Siku 35 chini, peke yake, usiku. Mnyama yeyote mwenye pua atamfikia.

Alama za wezi

1. Wameuawa wengi usiku mmoja, shingo au kichwa kimeumwa, nyama imebaki: fikiria paka wa porini na wanyama wadogo wa namna hiyo. Wanapita kwenye tundu dogo kuliko unavyodhani.

2. Vifaranga wanapungua mmoja mmoja mchana, na mama yao anapiga kelele akitazama juu: ni mwewe. Mwewe mwenyewe ana uzito wa karibu kilo 1 tu, hawezi kubeba bata mzima. Anachukua vifaranga.

3. Mayai yamepasuka karibu na jiwe, mchana: huenda ni nguchiro, wale wanyama wadogo warefu wanaotembea kundi zima. Nguchiro mwenye mistari mgongoni analishika yai kwa miguu ya mbele, analitupa nyuma kati ya miguu yake lipige jiwe lipasuke. Ukiona hivyo usipige watoto wako kwamba wamechezea mayai.

4. Mayai yamepotea, hata ganda moja halipo: nyoka anameza yai zima, na kenge pia. Wenye nyumba karibu na ziwa na mabwawa, kenge mnamjua. Vifaranga pia anameza.

5. Vifaranga wamevutwa kwenye tundu la chini, au wameumwa miguu: ni panya.

6. Kufuli limekatwa, mlango uko wazi, hakuna damu wala manyoya: hapo inaweza kuwa mtu kweli. Lakini hata hapo, mpelekee mwenyekiti habari ya kile ulichokiona. Usimpelekee jina la mtu uliyemdhania.

Kibanda cha kuwafungia

Hakihitaji pesa nyingi. Kwa bata watano, mita 1 kwa mita 2 inatosha kulala. Kabla ya kusimamisha miti, chimba mfereji kuzunguka, wa kina cha sentimita 30, ujaze mawe. Mnyama akichimba usiku atakutana na mawe, atachoka. Kandika ukuta kwa udongo kama unavyokandika nyumba, na kila ufa uzibe. Kipimo ni hiki: tundu ambalo kidole chako gumba kinapita, panya mdogo naye anapita.

Juu karibu na paa acha nafasi ya hewa, uifunge kwa waya wenye matundu madogo. Msifunike kibanda chote kwa shitingi bila hewa. Bata wanatoa unyevu mwingi na wataugua. Chini weka majani makavu, uyabadilishe yakilowa. Mlango uwe wa mbao, uguse chini kabisa, na komeo liwe gumu. Kamba peke yake mnyama anaikata kwa meno.

Ndani weka pembe moja yenye majani na giza kidogo, hapo jike ataatamia. Bata wengi wanataga alfajiri, kwa hiyo usiwafungue mapema. Ukisubiri mpaka saa 2 au saa 3 asubuhi, mayai yatabaki ndani badala ya kichakani.

Saa ya kufunga

Huku kwetu jua linatua karibu saa 1 jioni mwaka mzima. Bata wawe ndani saa 12 na nusu. Mkiwapa chakula ndani ya kibanda kila jioni saa ileile, baada ya wiki chache watakuja wenyewe wakipanga mstari. Kazi hii mpeni mtoto mmoja, ahesabu kwa sauti wanapoingia. Hesabu ikikosa, mtafute kungali mwanga.

Vifaranga wasitembee ovyo wiki 4 za kwanza. Mchana wafunike kwa tenga kubwa lenye jiwe juu, mahali penye kivuli, na maji kwenye sahani ya kina kifupi. Mwewe ataona, lakini hatapata.

Siafu

Huyu ndiye adui ambaye kufuli halimzuii. Wakati wa mvua siafu wanapita usiku, na bata aliyefungwa au anayeatamia hana pa kukimbilia. Kata majani marefu kuzunguka kibanda na mwaga majivu makavu mengi, mstari mpana. Mvua ikiyalowesha, mwaga mengine. Usiku ukisikia bata wanahangaika, amka na tochi. Ukiona siafu wamefika, fungua mlango, watoe bata wote pamoja na vifaranga, uwapeleke ndani ya nyumba mpaka siafu wapite. Usiseme nitaangalia asubuhi. Asubuhi utakuta mifupa.

Sumu, hapana

Kuna watu wanaweka nyama yenye sumu kichakani. Jamani, tuache. Nyumba zetu zimekaribiana. Sumu haichagui: itaua mbwa wa jirani, itaua hao bata wenyewe, na mtoto wa miaka miwili anaokota kila kitu anatia mdomoni. Mawe, udongo na komeo havijaua mtoto wa mtu.

Yule mama sasa ana bata wanne. Kibanda kipya kilijengwa Jumamosi moja, na aliyechimba mfereji ni yuleyule kijana, pamoja na kaka yake. Nilipopita jioni nilimkuta mtoto wa mwisho wa mama anahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Ng’ambo ya ua, jirani akaitikia, “Wameingia?” Mama akajibu, “Wote.”

Kazi ya nyumbani kwa wanafunzi wangu: leo jioni zunguka kibanda cha kwenu na kidole gumba. Kila tundu kinapopita, liandike. Kesho lizibeni na wazazi.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.