Mtoto akililia wembe, mfundishe

Wiki 3 sasa natembea mjini na vipande vya plasta kidevuni, na pale kazini nimeshapewa jina. Naitwa Kinyozi. Hata dada wa mapokezi ambaye huwa hatanii na mtu ameniuliza kama nyumbani tunagombana.

Hatugombani. Nimeamua kujifunza kunyoa ndevu kwa wembe wa kukunja, ule wa kizamani wenye mpini waliokuwa wakiutumia vinyozi wa enzi za babu zetu. Huo nilionao ni wa babu mzaa mama, aliyekuwa kinyozi Tanga. Alipofariki vitu vyake viligawanywa na mimi nikaambulia wembe. Ubavuni umechongwa neno Solingen, mji wa Ujerumani uliojipatia jina kwa visu na nyembe. Ulikaa kabatini miaka yote niliyokuwa chuo, mpaka juzi juzi nilipochoka na vile vijiwembe vya plastiki vya kutumia na kutupa.

Siku ya kwanza nilijikata mara 4. Nilipomwonyesha mjomba, alicheka mpaka akakohoa, kisha akatoa hukumu ambayo kila Mswahili anaijua: mtoto akililia wembe, mpe.

Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyonileta hapa leo.

Methali hii tunaipenda kupita kiasi. Tunaitamka huku tunatabasamu, kana kwamba ni hekima kuu ya malezi. Hebu itazameni vizuri. Kuna mtoto, kuna wembe, na kuna mtu mzima anayejua kabisa kwamba wembe unakata. Mtu mzima huyo anautoa, anakaa pembeni, anasubiri damu. Damu ikitoka anasema, "Si nilikwambia?" Kwani alisema nini? Hakusema lolote! Alitoa wembe tu.

Wenye kuitetea watasema kidonda ni mwalimu. Mimi niliyepata vidonda nasema si kweli. Kidonda kinakwambia umekosea, hakikwambii umekosea wapi. Siku ya pili nilijikata mara 5. Siku ya tatu nikaongeza nguvu, nikidhani tatizo ni woga. Mnaweza kukisia yaliyonipata.

Jumamosi yake nikaenda Magomeni kwa mzee mmoja ambaye bado ananyoa kwa mkono. Nikamwamkia, nikampa wembe. Akaupitisha juu ya kucha ya kidole gumba, akanitazama.

"Nani alikunolea huu, mjukuu wangu?"

"Hakuna, mzee. Niliutoa kabatini."

"Basi hukujikata kwa wembe. Umejikata kwa bati."

Katika dakika 20 mzee yule alinifundisha kuliko siku zote zile za damu. Kwanza, wembe butu ndio wa hatari, kwa sababu unakulazimisha usukume. Wembe mkali unatembea kwa uzito wake wenyewe. Akaunoa kwenye kinoo, kisha akanionyesha mkanda wa ngozi. Wembe unatangulia mgongo, makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho wa mkanda unaugeuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali, halafu unarudi. Kazi hiyo ni ya kila siku kabla ya kunyoa. Kinoo ni cha mara moja moja.

Pili, maji. Ile methali nyingine, mwenzio akinyolewa nawe zako tia maji, kumbe ni maelekezo ya kazi kabisa! Uso ulowe kwa maji ya moto dakika 2 au 3, povu lipakwe kwa burashi mpaka ndevu zilainike. Mimi nilikuwa nanawa harakaharaka na kuanza.

Tatu, mlalo. Mgongo wa wembe ukae karibu na ngozi, takribani nyuzi 30. Ukiulaza sana unang'oa ndevu, ukiusimamisha unachuna ngozi. Mkono wa pili unavuta ngozi kidogo iwe bapa. Unakwenda kule ndevu zinakoota, kwa hatua fupi, na usiuburute wembe kwenda kushoto au kulia, maana huko ndiko kukata nyama. Mwanafunzi anaanza na shavu peke yake. Kidevu na mdomo wa juu vinasubiri wiki kadhaa, kwa muda huo unavimalizia kwa wembe wako wa kawaida. Mimi nilikuwa nimeanzia kidevuni, kama mtu anayejifunza gari Kariakoo saa 11 jioni.

Akaongeza mawili ya mwisho. Wembe hauazimwi, kwa sababu damu usiyoiona inatosha kumwambukiza mwenzio homa ya ini. Na wenye nywele za kipilipili kama zetu tusitafute uso laini kama wa mtoto mchanga. Ndevu ikikatwa chini sana inajikunja na kurudi ndani ya ngozi, na hivyo ndivyo vile vipele vya shingoni vinavyozaliwa. Pita mara moja, inatosha. Anayeota vipele vikali ni heri afuge ndevu au atumie mashine, asidanganywe kwamba kuna wembe ulio dawa.

Angalieni sasa. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ningelijua kwa kujikata. Hata mara 1,000.

King Camp Gillette aliliona hilo zamani. Alipoanza kuuza wembe wake wa makali ya kubadilisha mwaka 1903, aliuza nyembe 51 tu mwaka mzima. Mwaka uliofuata zilizidi 90,000. Matangazo yake yalijivunia kwamba hakuna kunoa wala mkanda. Kwa lugha nyingine, Bwana Gillette aliuza wembe usiohitaji mwalimu. Simlaumu, alikuwa mfanyabiashara. Ninaowalaumu ni wanaogawa wembe unaohitaji mwalimu huku mwalimu mwenyewe wamemficha.

Na hapa sizungumzii ndevu tena.

Wiki yangu ya pili kwenye gazeti nilitumwa mahakamani peke yangu. Digrii ninayo, kalamu ninayo, nenda. Hakuna aliyekaa na mimi hata dakika 10. Nikarudi na habari ya mtu aliyeshitakiwa kwa wizi, nikamwandika "mwizi", kwa jina lake lote. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Chuoni niliikariri nikafaulu mtihani. Kuishika mkononi saa ya kuandika, gazeti likiwa linasubiriwa mtamboni, ni kitu kingine, na hakuna aliyenionyesha. Habari ikapita mikono mingine miwili, ikachapwa hivyo hivyo.

Miezi baadaye mtu yule aliachiwa huru. Alikuja ofisini akiwa na lile gazeti limekunjwa, akauliza kwa upole aliyeandika ni nani. Mtoto wake alikuwa anaitwa mtoto wa mwizi shuleni. Tukamtolea masahihisho ya mistari 4, ukurasa wa ndani. Nilipomwomba bosi ushauri alinipiga bega na kusema, "Ndiyo kujifunza huko, kijana. Sote tulipitia."

Methali ile haisemi popote kwamba mtoto mwenye wembe humkata na mwingine. Mimi nilitoka salama. Aliyevuja damu ni mtu ambaye hakulilia wembe wowote.

Najua jibu linalokuja: "Sisi tulijifunza hivyo hivyo na tumefika." Mmefika ninyi. Wale waliokatwa wakaondoka hawapo hapa kutoa ushahidi. Kila mwaka tunapokea vijana wa mafunzo kwa vitendo wakiwa na moto, miezi 3 baadaye wamepotea, na wakubwa wanasema kizazi hiki ni kivivu. Nendeni hospitali, viwandani, kwenye ofisi za mawakili, mtasikia wimbo ule ule. Aliyeteswa na ukimya wa mkubwa wake anautunza ukimya huo kama urithi, naye ausambaze kwa wanaomfuata.

Mzee wa Magomeni hakuninyima wembe, wala hakuniambia nisubiri nikue. Alisimama nyuma yangu, akaushika mkono wangu, tukapita shavu moja pamoja. Kisha akauachia. Ilimgharimu dakika 20 na alikataa hela yangu.

Mwezi huu tumepokea binti mpya wa mafunzo, na wiki ijayo anatumwa mahakamani. Nimeshamwambia bosi kwamba tutakwenda wawili. Amecheka, kaniuliza kama kazi zangu zimeisha.

Hazijaisha. Nitakwenda naye na plasta zangu hivi hivi. Naomba kutoa hoja.